Mkono Begani

"Samahani, binti, kabla hatujaagana. Huo mkono ni wa nani?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Tulikuwa tumeshazungumza kwa muda mrefu, mimi na Mkuu wa Ubora wa kiwanda cha maziwa. Yeye alikuwa ofisini kwake, safari ya siku nzima ya basi kutoka kwetu. Mimi nilikuwa chumbani kwa mama, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya meza ya cherehani. Juu nilivaa blauzi ya mama ya kanisani na harusini, imepigwa pasi mpaka imekuwa ngumu kama karatasi. Chini nilivaa sketi ya kufulia. Kamera haifiki chini, ndiyo raha yake.

"Mkono upi, mama?"

"Wa kwenye picha yako ya mtandaoni. Ninayo hapa mbele yangu. Umevaa joho, umecheka vizuri, halafu begani kuna vidole vya mtu. Mwenyewe simwoni."

Picha ile tuliipiga siku ya mahafali, tukiwa wawili, mimi na mchumba wangu. Nilipofungua ukurasa kwenye mtandao wa kazi, ule ambao wasomi huenda kuanika vyeti vyao na kuombana nafasi, ndiyo picha pekee niliyokuwa nimetoka kama mtu anayefaa kuajiriwa. Ikabidi ikatwe. Yeye akatoka, vidole vyake vikabaki. Aliyeikata ni yeye mwenyewe, na kazi yake ni picha, angeweza kuviondoa kama angetaka. Akasema, "Viache. Mwajiri ajue mapema kuna mtu amekushikilia." Tukacheka sana. Enzi hizo tulikuwa bado tunacheka.

"Binti? Unanisikia?"

Nyuma ya simu, mlangoni, alisimama mama yangu. Alikuwa amesimama pale tangu mwanzo wa mazungumzo, ameshika mwiko, hapumui. Sasa akatoa macho, akafungua mdomo, na bila kutoa sauti akaniambia neno moja. Kaka.

"Ni wa kaka yangu," nikasema.

Mimi sina kaka. Mama alinizaa mimi, akafunga duka.

"Ahaa," alisema Mkuu wa Ubora, na uso wake uliochoka ukalegea kidogo. "Nimeuliza kwa sababu nimeshaumwa na nyoka. Mabinti niliowaajiri kabla yako wote wameondoka hata hawajazoea harufu ya kiwanda. Huyu mchumba kamwita, yule bwana kagoma. Nimechoka kufundisha watu wanaoondoka. Ndiyo maana nilipokuuliza kwenye ujumbe kama kuna kinachokufunga huko, jibu lako lilinipa moyo."

"Jibu langu?"

"'Hakuna kinachonifunga huku, mama. Naweza kuja hata kesho.' Si uliandika hivyo? Na ile habari ya maabara ya chuo, ulivyoonja maziwa yaliyoharibika ukamtapikia mwenzako kwenye koti jeupe, halafu ukasema kopo ni bovu kabla hata hujamwomba radhi! Nilicheka peke yangu ofisini. Nikasema, huyu ndiye. Ulimi huu naujua."

Nilitabasamu. Ndicho kitu pekee nilichoweza kufanya, kwa sababu sikuwa nimemwandikia mwanamke yule hata neno moja.

"Basi fikiria," alimalizia. "Unipigie kesho kabla ya mchana. Ukikubali, barua yako naipitisha kwa mkurugenzi."

Kabla sijafunga simu vizuri mama alikuwa ameshaingia. "Umepata?"

"Nafikiri nimepata."

Akapiga kigelegele kimoja kifupi, cha kujibana, majirani wasisikie kabla mambo hayajaiva. Kisha akakaa kitandani, akafuta macho kwa ncha ya aproni. Nilitamani kufurahi pamoja naye. Nilitafuta furaha kifuani kwangu, nikakuta uchovu tu.

Na si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Tangu tumalize chuo nilikuwa nimetuma maombi mpaka vidole vikajua njia vyenyewe. Kila nikifungua ule ukurasa nakutana na wenzangu wa darasani. "Nina furaha kubwa kuwatangazia kwamba..." Kila mtu ana furaha kubwa. Nawaandikia hongera, naweka kialama cha makofi, nazima simu, nalala mchana kweupe. Wageni wakinitafuta, mmoja anauza semina, mwingine anataka kujua kama nimeolewa. Na ukurasa wenyewe hauna haya, unaniambia kila wiki kuwa kuna watu wamenitazama, utadhani kutazamwa kunaliwa. Mwisho nikashindwa. Nikampa mwenye vidole vile neno la siri, nikamwambia, "Fanya unavyojua. Mimi sitaki hata kuuona."

Yeye mtaa mzima unamwita Pasipoti. Tulisoma darasa moja, sayansi ya chakula, tukatoka na vyeti vinavyofanana. Kazi ilipogoma kuja akaenda kukaa kwenye steshenari ya baba yake mdogo, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, akasema ni kwa muda tu. Muda ukaota mizizi. Na lile koti jeupe alilolisema Mkuu wa Ubora lilikuwa lake. Nilimtapikia koti siku ya mazoezi, akaenda kulifua, akarudi kuniuliza kama tumbo limetulia. Sisi ndivyo tulivyoanza. Wengine huanza na maua.

Siku chache kabla ya hapo aliniambia tu, "Kuna mama wa kiwanda cha maziwa anataka kuzungumza nawe kwa video. Vaa vizuri." Nikadhani kiwanda kimenigundua chenyewe. Mtu akichoka huamini lolote.

"Sasa," mama alisema, sauti yake imeshabadilika, imekuwa ile ya kupanga mambo. "Kuna yule kijana."

"Yupo, mama."

"Mtoto wa watu hana baya. Ana adabu, ananisalimia. Lakini sikushona nguo za watu mpaka macho yakaingia ukungu ili wewe uje ukae kwenye benchi la steshenari."

"Sikai pale kila siku."

"Unakaa. Napita nakuona. Wewe na yeye mnatazama ile mashine ya kopi kama watu wanaosubiri ianze kuongea." Akanishika mkono. "Nenda ukamuage. Muage vizuri, usimvunjie heshima. Lakini muage kwa kusimama. Usikae, mwanangu. Ukikaa utalia, na ukilia utabaki."

Nikaenda kubadilisha blauzi. Kupitia ukuta nilimsikia mama akizungumza na mtu kwenye simu, kwa sauti ya chini, ya upole mno. Sikulitilia maanani. Nilikuwa na hasira na mtu mwingine kabisa.

Steshenari ipo kwenye kona, katikati ya duka la viatu na kinyozi. Nilipofika Pasipoti alikuwa na mteja, baba mmoja mnene aliyetaka picha za kitambulisho, amekaa kwenye kigoda mbele ya pazia jeupe, amevalishwa koti la dukani. Duka lina koti moja tu la bluu kwa ajili ya wateja waliokuja bila koti, na ukipita ofisi zote za mji wetu utakuta mafaili yamejaa watu waliovaa koti lilelile.

"Kidevu juu kidogo, mzee. Hapo hapo. Usicheke, hawataki mcheshi."

Aliniona. Kwa kawaida akiniona huinua nyusi zote mbili, salamu yetu ya mbele za watu. Leo aliinamisha kichwa akaanza kuhangaika na kamera ambayo haikuwa na tatizo. Nikasimama. Nilikumbuka maneno ya mama, nikajikaza kisabuni, nikasimama karibu na mashine ya kopi, nikakunja mikono.

Baba mnene alipovua koti na kuondoka na bahasha yake, hata salamu sikutoa.

"'Hakuna kinachonifunga huku, mama.' Nani aliandika hayo?"

Alichukua koti la bluu, akalikung'uta, akalitundika. "Mimi."

"Kwa jina langu."

"Uliniambia nifanye ninavyojua."

"Nilikwambia unitafutie kazi! Sikukwambia ujifute wewe mwenyewe!" Sauti ilinipanda, kinyozi wa jirani akapunguza redio. Nikaishusha. "Unajua ilivyokuwa kusikia hayo kutoka kwa mtu nisiyemjua? Kuambiwa kwamba mimi mwenyewe niliandika sina mtu? Nilikaa pale nikacheka kama zuzu."

"Alikuwa ameuliza."

"Na jibu lilikuwa hilo?"

"Nilikaa na lile swali siku nzima," alisema taratibu. Alikuwa amechoka, niliona sasa, amechoka kuliko mimi. Mashavu yalikuwa yameingia, na lile shati la kijivu nililolizoea lilimning'inia. "Kila mteja akitoka narudi kulisoma. Niliandika yupo, nikafuta. Nikaandika yupo lakini haimzuii, nikafuta. Kila nikiandika kweli naona mlango unafungwa."

"Ungeniuliza mimi."

"Ningekuuliza ungesema andika yupo."

"Ndiyo!"

"Halafu?" Aliniangalia moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Halafu ungekaa hapo kwenye benchi. Leo, kesho, mwaka ujao. Ungekuwa unaniletea chai, unanichekea, na kila nikikupa kisogo ungekuwa unanichukia kidogo kidogo. Nimeshaanza kuiona. Wiki ile rafiki yako alipotangaza amepata kazi maabara ya mkoa, uliniangalia. Wewe hukujiona ulivyoniangalia."

Nikakunjua mikono.

"Kwa nini hukujiandikia wewe?" nikamuuliza. "Una cheti kama changu. Una ukurasa wako. Kwa nini usimwambie huyo mama habari zako?"

"Nilijaribu. Nikikaa kujiandika mimi nakosa la kusema. Naandika mstari mmoja nalala." Akakuna kichwa kwa kalamu. "Nikianza kukuandika wewe, maneno yanakuja yenyewe mpaka chai inapoa."

Wasomaji wangu, nilikuwa nimekuja na hasira ya kunitosha mwezi mzima. Niambieni mtu aipeleke wapi baada ya maneno kama hayo.

"Na mimi nimekukana," nikasema.

"Vipi?"

"Ameuliza mkono wa begani ni wa nani. Mama alikuwa mlangoni. Nikasema wa kaka yangu."

Alinitazama. Midomo yake ikaanza kucheka, ikafika katikati ikaacha. "Kaka," alisema. "Basi sawa. Nilidhani mimi peke yangu ndiye mwongo." Kisha akageukia kompyuta, akanipa mgongo. "Hata hivyo hilo limekwisha. Nimeshauondoa."

"Umeondoa nini?"

"Fungua uone."

Nikatoa simu, nikafungua ule ukurasa ambao nilikuwa sitaki hata kuuona. Joho lilikuwepo. Kicheko kilikuwepo. Bega langu la kushoto lilikuwa safi, limenyooka, halina kitu. Ungedhani sijawahi kushikwa na mtu tangu nizaliwe.

"Saa ngapi?" Sauti yangu sikuitambua.

"Sasa hivi tu, kabla hujafika. Mama yako alinipigia."

"Mama!"

"Usimkasirikie. Aliniomba kwa adabu. Alisema, 'Mwanangu, mwenzio amepata kazi, ule mkono utamletea maswali, uuondoe.'" Akapanga upya karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. "Aliniita mwanangu. Tangu anijue hajawahi kuniita hivyo."

Hapo ndipo nilipokaa. Miguu haikuniuliza. Nilikaa kwenye benchi lilelile, mgongo ukutani, simu mapajani, nikatazama bega lile tupu mpaka likaanza kucheza machoni.

"Kazi yangu ndiyo hiyo," Pasipoti alikuwa anasema, bado amenipa mgongo. "Nafuta chunusi, nafuta vivuli. Wanakuja watu na picha za harusi nawafutia waume. Bega moja si kitu."

"Geuka."

"Nina kopi za watu."

"Geuka, nakuomba."

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku baba yake alipofariki, maana siku ile alikuwa akihudumia wageni. Nilimpenda mpaka kifua kikaniuma, na nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, mbele ya mashine ya kopi.

Akakaa upande wa pili wa benchi. Hatukushikana. Tulikaa tukitazama mbele, kama mama alivyosema tunavyokaa.

"Nenda kafanye kazi," alisema. "Mimi nipo tu. Sitakuita. Wewe nenda."

"Nitakwenda. Lakini siendi na uongo wa watu wawili, wako na wangu."

Alielewa kabla sijabonyeza namba. Alishika mkono wangu. "Usifanye hivyo. Atakukatia simu. Utaumwaga unga ambao hata hujaupata!"

"Basi umwagike."

Simu ikaita kwa muda mrefu. Nikaweka spika ili naye asikie. Ilipopokelewa, nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma.

"Shikamoo, mama. Ni yule binti wa asubuhi."

"Marahaba. Nilisema kesho." Sauti yake ilikuwa baridi kuliko ya asubuhi.

"Kuna kitu nimekosea. Nataka kukisema kabla hujaendelea na barua."

"Sema."

"Ule mkono si wa kaka yangu. Mimi sina kaka. Ni wa mchumba wangu. Na ule ujumbe wote, si mimi niliyeuandika. Nilikuwa nimekata tamaa, nikamwachia yeye ukurasa wangu. Mimi na wewe tumeanza kuzungumza leo asubuhi."

Pasipoti alifunika uso kwa viganja. Upande wa pili mashine ziliendelea kunguruma, kisha mlango ukafungwa na kelele zikapungua.

"Kwa hiyo," Mkuu wa Ubora alisema, "wiki zote hizi nimekuwa nikiandikiana na mwanamume."

"Ndiyo, mama."

"Nikamsimulia mpaka habari za mgongo wangu."

Nilimtazama Pasipoti. Aliinamisha kichwa. "Nilimwambia awe anaweka mto kwenye kiti," alininong'oneza.

"Yupo hapo? Namsikia. Kijana!"

"Shikamoo, mama."

Salamu haikuitikiwa. "Lile koti jeupe lililotapikiwa. Lilikuwa la nani?"

"Langu, mama."

"Lako." Akavuta pumzi ndefu. "Mtu anakutapikia koti, wewe unakwenda kumsifia kwa watu usiowajua, vizuri namna ile, halafu chini yake unaniandikia hakuna kinachomfunga. Una akili kweli wewe?"

"Nilitaka apate kazi."

"Sasa sikilizeni wote wawili. Baada ya mazungumzo yetu nilifungua ukurasa ili nimwonyeshe mkurugenzi. Nikakuta mkono haupo. Asubuhi ulikuwepo, mchana haupo. Mimi ni mtu wa ubora, binti. Kitu kikibadilika katikati bila maelezo, nasimamisha mashine. Barua yako nilikuwa nimeshaitoa kwenye faili. Usingepiga leo, mimi nisingekupigia tena maishani."

Pasipoti aliinua uso. Alikuwa ameng'ata mdomo wa chini. Kile alichokifanya ili nipate kazi ndicho kilichokuwa kimeipoteza, na alikuwa ameliona hilo.

"Ila umepiga," aliendelea yule mama. "Mtu akiona kosa lake akalisema kabla maziwa hayajatoka getini, huyo naweza kumfundisha. Wengine wote hunisubiri nigundue mwenyewe. Lakini nikwambie mapema, chumba nilichonacho ni cha mtu mmoja. Nafasi ni moja. Mwenye mkono sina pa kumweka. Na miezi ya mwanzo hakuna ruhusa ya kurudi nyumbani, hata mtu augue. Bado unakuja?"

Nilimtazama Pasipoti. Alikuwa ameshatikisa kichwa kukubali, kabla yangu, haraka haraka, kama mtu anayeogopa atabadilisha mawazo.

"Nakuja," nikasema. "Lakini kuna kinachonifunga huku. Naomba ujue hivyo."

"Nimeshajua. Ndiyo maana nakuuliza kama unakuja." Alikohoa. "Na hiyo picha irudisheni ilivyokuwa. Bega limefutwa vibaya, kingo zinaonekana."

Simu ikakatika.

Kinyozi akarudisha redio yake juu.

"Kingo hazionekani," Pasipoti alisema hatimaye, ameumia kikazi.

Nikacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyelia, chenye kamasi, lakini kilikuwa kicheko, na yeye akacheka, tukaegemeana mabega mle dukani kama wagonjwa wawili waliotoka hospitali kwa miguu yao.

"Haya, irudishe," nikamwambia.

Kicheko kikamkauka. "Siwezi."

"Vipi huwezi?"

"Nimehifadhi juu ya ile ya zamani. Na ile yetu ya wawili ilikuwa kwenye simu yangu iliyoingia maji." Alishika kichwa. "Nawaambia wateja kila siku, weka nakala. Kila siku nawaambia."

Nilisimama. Nikaenda kwenye msumari, nikachukua koti la bluu, nikalivaa. Lilikuwa bado na joto la baba mnene, na mikono yake ilinipita vidole. Nikakaa kwenye kigoda, mbele ya pazia.

"Basi piga nyingine."

"Na mkono nani ataweka? Mpigaji ni mimi."

"Kamera hiyo haina saa ya kusubiri?"

Ilikuwa nayo. Aliiweka kwenye miguu yake mitatu, akainama, akabonyeza, kitaa chekundu kikaanza kupepesa, akakimbia. Akajikwaa kwenye waya. Picha ya kwanza ilitoka mimi nimegeuka nikipiga kelele na kiwiko cha mtu hewani. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameingia kutoa kopi ya kitambulisho akasimama mlangoni. "Hizo ni pasipoti za nchi gani?" akauliza. Hatukumjibu. Akaamua kukaa kwenye benchi asubiri, maana aliona hapa pana sinema.

Pasipoti alirudi kwenye kamera. Alichelewa kubonyeza.

"Miezi ya mwanzo hakuna ruhusa," alisema, jicho lake likiwa nyuma ya kioo ambapo sikuweza kuliona. "Kisha itakuja mingine. Utazoea harufu ya kiwanda. Watu huzoea."

"Nipe neno lako la siri," nikamwambia.

"La nini?"

"La ukurasa wako. Sasa ni zamu yangu. Wewe umekosa la kusema juu yako, mimi ninalo. Nikitoka kazini nitakuwa nakaa kwenye hicho chumba cha mtu mmoja nakuandika, mpaka apatikane mtu huko wa kukuchukua. Na akiniuliza kama una kinachokufunga, nitajibu kweli."

"Utasema nini?"

"Kwamba kipo. Na kwamba kinafanya kazi kiwanda cha maziwa, kwa hiyo afadhali mwajiri awe wa upande ule."

Nilisikia tu kamera ikibonyezwa, na nyayo zake, safari hii hazikukimbia. Alipita pembeni yangu, akasimama nyuma, nje ya picha. Mkono wake ukashuka begani kwangu, juu ya lile koti lililovaliwa na mji mzima, ukakaa palepale ulipokuwa siku ya mahafali.

Mfukoni simu ikaanza kuita. Sikuhitaji kuitazama. Mama alitaka kujua kama nimeshamuaga.

"Tulia," Pasipoti alisema. "Usilie. Hawataki anayelia."

Nilijaribu. Taa ikamulika, picha ikapigwa, kitaa chekundu kikazimika. Simu iliita mpaka ikachoka. Yule mwanamke wa kopi aliangalia pembeni. Nami nilibaki nimekaa kama mama alivyonikataza, nalia kama alivyonitabiria, na mkono ule haukutoka begani.